Mama Aliombewa, Akafariki. Niache Kwaya?

SWALI: Shikamoo Baba Mchungaji. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tabora mjini, nina miaka 31. Nimelelewa Urambo katika familia ya Kimoraviani, naimba kwaya na kufundisha Shule ya Jumapili. Mama yetu aliugua kansa ya shingo ya kizazi, akapewa rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza. Kabla hajasafiri, mhubiri mmoja aliyekuja na mkutano alimwekea mikono na kumsomea kwamba waaminio "wataweka mikono yao juu ya wagonjwa, nao watapata afya". Akamwambia amekwisha kupona, na kwamba kupanda treni kwenda Mwanza ni kumwonesha Mungu kuwa hamwamini. Mama hakwenda. Ana miezi minne tangu tumzike. Msibani mtu alisema imani yetu ilikuwa ndogo. Tangu hapo siwezi kuomba. Usiku nasoma kwenye simu, nimekuta kwamba aya ile iliongezwa baadaye na kwamba Injili nne hazikubaliani kuhusu asubuhi ya ufufuo. Jirani zangu ni Waislamu wacha Mungu, najiuliza kama ningezaliwa kwao si ningeamini kama wao? Je, niache kwaya na watoto ili nisiwe mnafiki? Na mdogo wangu wa kike, ana miaka 13, ameniuliza kama mama alikosa imani. Nimjibu nini?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kufiwa na mama. Maswali yako ni mengi na hayana uzito sawa, kwa hiyo mengine nitayapita haraka. Moja nitakaa nalo, kwa sababu naona ndilo linaloyabeba mengine yote: kile alichoambiwa mama yako.

Aliambiwa mambo mawili ambayo Biblia haisemi. La kwanza ni kwamba kwenda hospitali ni kutokuamini. Hebu tazama mkoa wako mwenyewe. Wamoraviani walikipokea kituo cha Urambo kutoka kwa wamisionari wa London mwaka 1898, na kanisa hilohilo lililokulea ndilo lenye hospitali pale Sikonge. Bugando alikotakiwa kwenda mama iko chini ya Maaskofu Wakatoliki. Kama sindano ni uasi, basi waliotuletea Injili huku Unyamwezini walikuja na uasi kwenye sanduku moja na Biblia.

La pili, aliambiwa kwamba mwenye imani ya kutosha lazima apone. Hapa namwita shahidi ambaye wahubiri wa mikutano hawamtaji kamwe, naye ni Trofimo. Alikuwa Mwefeso, mmoja wa waliosafiri na Paulo. Mwishoni mwa barua ya pili kwa Timotheo, Paulo anamtaja kwa mstari mmoja mkavu: "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi", yaani mgonjwa. Basi. Huyu Paulo ndiye ambaye Matendo 19 inasimulia kwamba hata leso zilizogusa mwili wake zilipelekwa kwa wagonjwa wakapona. Sasa rafiki yake yuko kitandani, naye anamwacha na kuendelea na safari. Hasemi Trofimo alikuwa na imani haba. Hasemi kuna dhambi iliyofichwa nyumbani kwao. Timotheo mwenyewe alikuwa na tumbo lililomsumbua na magonjwa ya mara kwa mara, na Paulo alimwandikia atumie mvinyo kidogo, dawa ya siku zile. Na Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba wake, yaani taabu iliyomtesa mwilini. Hakuondolewa.

Ukiwageukia waliopona, utaona pia kwamba kipimo cha yule mhubiri hakifanyi kazi. Yule mtu wa Bethzatha aliyelala miaka 38, Yohana 5 inasema baada ya kupona hakujua hata ni nani aliyemponya. Aliyepooza akashushwa kupitia darini, Yesu aliiona imani ya waliombeba. Lazaro alikuwa maiti. Na baba wa yule kijana mwenye kifafa katika Marko 9 alijibu kwa maneno ambayo leo yangemfanya atolewe nje ya mkutano: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mwanawe alipona siku ileile.

Sitakuficha upande wa pili, maana utaukuta mwenyewe. Marko 6 inasema kule Nazareti Yesu hakuweza kufanya miujiza, na kutokuamini kwao kunatajwa. Marko 11:24 inasema yo yote tuyaombayo tukisali, tuamini tunayapokea. Hizo ni aya nzito na siwezi kuzifuta. Lakini Nazareti walimkataa Yesu wakamdharau, na mama yako hakumdharau mtu. Kuhusu ahadi ya sura ya 11, msomaji asiishie hapo. Sura tatu mbele, katika kitabu hichohicho, aliyeitoa ahadi anaanguka chini akiomba Gethsemane: "Aba, Baba, yote yawezekana kwako, uniondolee kikombe hiki, walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Kikombe hakikuondolewa. Atakayesema maombi yasiyojibiwa ni dalili ya imani ndogo, aanze na mwombaji huyo.

Kwa nini basi Mungu hakumponya mama? Hapo hakuna mchungaji mwenye jibu, na atakayekuletea jibu lililonyooka mwogope. Rafiki zake Ayubu walikuwa nayo mengi. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, na anasema Ayubu, aliyelalamika sura hadi sura, ndiye aliyenena yaliyo sawa.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili. Tenganisha mambo mawili ambayo msiba umeyagandisha pamoja. Kuna imani kwamba Mungu yupo, ni mwema, na alijifunua katika Yesu Kristo. Na kuna fundisho kwamba kila aaminiye kweli amehakikishiwa afya ya mwili sasa hivi. Fundisho hilo la pili limeanguka mbele ya macho yako, na lilistahili kuanguka. Usilisimamishe tena, hata watu wakikusihi. Lakini lile la kwanza lichunguze kivyake, kwa sababu zake, siyo kwa deni la mhubiri. Nimekutana na watu wengi wanaosema wamempoteza Mungu, na tukikaa vizuri naona waliyempoteza ni yule aliyeuzwa kwenye kipaza sauti uwanjani.

Tena, ukisoma barua yako taratibu, sehemu ya unachokiita shaka ni hasira. Una hasira na mhubiri, una hasira na aliyesema lile neno msibani, pengine una hasira na mama kwa kumsikiliza mhubiri, na una hasira na Mungu kwa kunyamaza. Hasira na shaka hazitibiwi kwa dawa moja. Shaka huhitaji kusoma na kufikiri. Hasira huhitaji kusemwa kwa mwenyewe anayehusika. Yeremia alimwambia Mungu usoni, "Ee BWANA, umenihadaa, nami nimehadaika", na wala hakuacha kuwa nabii. Kwa mhubiri, wapelekee wazee wa kanisa habari hii kwa maandishi, kwa utulivu, mkiwa wawili au watatu wa familia. Kusudi lisiwe kulipiza kisasi. Mjini hapo kuna mama mwingine mwenye karatasi ya rufaa mkononi.

Sasa ile aya. Ulichosoma kwenye simu, kwa sehemu kubwa, ni kweli, na waliosoma theolojia wanakijua tangu darasa la kwanza la Agano Jipya. Marko 16:9 hadi 20 haimo katika nakala mbili za kale kuliko zote zilizo karibu kamili, ile ya Sinai na ile ya Vatikano, zote za karne ya 4. Ndani yake Injili inaishia 16:8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Wataalamu wengi wanaona mstari wa 9 na kuendelea uliandikwa na mkono mwingine. Hata hivyo ni maandishi ya zamani sana, askofu Irenayo aliyanukuu katika karne ya 2, na kanisa limeendelea kuyasoma. Msimamo wangu: yasomwe, lakini fundisho lisijengwe juu yake peke yake. Na ajabu ni kwamba yule aliyemsomea mama nusu ya 16:18 aliiruka nusu ya kwanza, inayosema watashika nyoka, na wakinywa kitu cha kufisha hakitawadhuru. Sijasikia mhubiri wa uponyaji anayetangaza mkutano wa sumu.

Kinachoniudhi ni kwamba umelikuta jambo hili usiku, peke yako, kwenye simu, kana kwamba ni siri iliyofichuliwa. Tungekuwa tunawaambia waumini wetu mambo haya mchana kanisani, lisingekuwa na makali hayo. Hilo ni kosa la mimbari zetu.

Kuhusu asubuhi ya ufufuo ni hivyohivyo. Mathayo ana malaika mmoja, Marko ana kijana aliyevaa vazi jeupe, Luka ana watu wawili, Yohana ana malaika wawili. Majina ya wanawake nayo yanatofautiana, ingawa Mariamu Magdalene hakosekani popote. Wakristo wa mwanzo waliziona tofauti hizi. Karne ya 2 mtu aitwaye Tatiano alizisuka Injili nne zikawa simulizi moja laini, na makanisa ya Shamu yalikitumia kitabu chake kwa vizazi kadhaa. Mwishowe kanisa lilikiacha, likabaki na nne pamoja na tofauti zake. Wangetaka kutudanganya, njia ya kusawazisha walikuwa nayo mkononi.

Wewe ni mwalimu. Ukiuliza watoto wanne walioona ugomvi uwanjani, wakakupa maelezo yaleyale neno kwa neno, utajua wamepangana. Wakitofautiana kidogo huku kiini ni kimoja, utaanza kuwasikiliza. Hapa kiini ni hiki: kaburi lilikuwa tupu, na wa kwanza kuliona ni wanawake, ambao ushahidi wao siku zile haukupewa uzito wa ule wa wanaume. Luka mwenyewe anakiri kwamba mitume waliona maneno yao kama upuzi. Kisha kuna 1 Wakorintho 15, barua ya katikati ya miaka ya 50, yaani miaka ishirini na kitu tu tangu msalaba, ambamo Paulo anaorodhesha waliomwona Bwana na kusema wengi wao wangali hai. Je, haya yanamlazimisha mtu kuamini? Hapana. Mwenye akili timamu anaweza kuyasoma na asiamini. Lakini yanatosha kuonesha kwamba anayeamini hajafumba macho.

Swali la jirani zako ni la haki, ila halifanyi kazi uliyolipa. Ni kweli, ungezaliwa nyumba ya pili yaelekea ungeswali huko. Na aliyezaliwa kwa wasioamini Mungu yaelekea angekuwa kama wao. Mahali mtu alipopatia wazo hapasemi kama wazo hilo ni la kweli au la uongo. Hata hesabu ulifundishwa na mtu fulani mahali fulani. Paulo kule Athene alisema Mungu ndiye aliyeweka nyakati na mipaka ya makazi ya watu ili wamtafute, naye hawi mbali na kila mmoja wetu. Jirani zako waachie Mungu huyo, na endelea kupelekeana futari na pilau la Krismasi kama Tabora ilivyozoea.

Twende kwenye kwaya. Mwaka 1738 kulikuwa na padre wa Kianglikana huko Uingereza, John Wesley, amerudi kutoka Marekani akiwa amevunjika moyo, ameshahubiri miaka kumi na sasa anagundua hana imani anayowahubiria wengine. Akamwuliza Mmoraviani mmoja kijana, Peter Böhler, mwenye miaka 25, kama aache kuhubiri. Böhler alimjibu asiache hata kidogo: hubiri imani mpaka uipate, na ukishaipata utaihubiri kwa kuwa unayo. Mwezi Mei mwaka uleule moyo wa Wesley uligeuka, akawa mwanzo wa Wamethodisti. Habari hii hupenda kusimuliwa ikaishia hapo. Kinachoachwa ni kwamba Januari 1739, baada ya furaha ile, Wesley aliandika kwenye shajara yake kwamba yeye si Mkristo. Mambo haya huja na kurudi, hata kwa wakubwa.

Ushauri wa Böhler mimi naukubali nusu. Kwenye kwaya, baki. Unapoimba huapi mahakamani juu ya hali ya moyo wako Jumapili ile; unaimba imani ya kanisa zima, na kuna siku sauti ya nne inambeba soprano. Tena kwaya haijawahi kuwa ya wenye uhakika tu. Fungua Zaburi 88, usome kichwa chake: wimbo, wa wana wa Kora. Hao ndio waliokuwa waimbaji wa nyumba ya Mungu. Waliimba mbele ya watu malalamiko yasiyo na mstari hata mmoja wa ushindi mwishoni, yanaishia gizani kabisa, na wazee wakaona yafaa kuwekwa katika Maandiko. Wimbo ukikukaba koo, funga mdomo ubeti huo. Hakuna atakayekuhesabia.

Kwa watoto nina tahadhari zaidi, na hapa naachana na Böhler. Usiwafundishe neno ambalo moyoni unaliona si kweli, na vilevile usiwamwagie mashaka yako, bado ni wadogo. Kati ya hayo mawili kuna nafasi kubwa. Simulia habari kama zilivyoandikwa. Masomo ya uponyaji mwombe mwenzako wa zamu ayachukue kwa sasa, mwambie tu kwamba kwa msiba huu yanakuwia magumu. Ni sababu ya kweli na inatosha. Huo siyo unafiki. Mnafiki ni yule anayejionesha ili asifiwe, wewe unatafuta njia.

Kuna mtu atakusomea Yakobo 1, kwamba mwenye shaka ni kama wimbi la bahari. Asome sura nzima. Yakobo anazungumza na mtu wa nia mbili, anayemwomba Mungu hekima huku hana mpango wa kuifuata. Kwa mtu kama wewe Biblia ina agizo jingine, katika waraka mfupi wa Yuda: wenye shaka wahurumiwe. Na mwisho wa Mathayo, mlimani, Yesu amefufuka amesimama mbele yao, imeandikwa "walimsujudia, lakini baadhi yao waliona shaka". Hakuwatenga pembeni. Aliwatuma wote kumi na mmoja.

Maombi usiyalazimishe. Acha kwa muda yale marefu ya kubuni mwenyewe, maana ukianza tu unaisikia sauti ya yule mhubiri. Tumia maneno ya wengine: Baba Yetu asubuhi, Zaburi moja jioni. Anza na ya 13, "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Ukiishia mstari wa pili, inatosha. Simu iache sebuleni ukienda kulala. Maswali yaandike kwenye daftari, moja baada ya jingine, uyasome mchana ukiwa umekula, na umtafute mtu mmoja wa kuyajadili naye, awe mchungaji au mama wa kanisa, mradi umewahi kumsikia akisema "hili silijui".

Mwili nao una sehemu yake. Eliya alipochoka mpaka akaomba kufa, Mungu hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale chini ya mretemu, akamtumia mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha tena. Swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" lilikuja siku nyingi baadaye, mlimani. Ikiwa usingizi umekwisha kabisa, chakula hakipiti, au unaona afadhali ungemfuata mama, nenda hospitali uwaambie hivyo hivyo. Sonona ni ugonjwa, una tiba, na isije ikatokea nyumba moja wawili wakanyimwa matibabu kwa jina la imani.

Siwezi kukuahidi kwamba shaka itaondoka. Kwa wengi baada ya muda hupungua ikawa kama kovu. Kwa wengine hukaa. Barua za Mama Teresa wa Calcutta zilichapishwa 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, na watu walishangaa kusoma kwamba kwa makumi ya miaka, alipokuwa akiosha vidonda vya maskini, ndani aliona giza na ukimya tu. Hakuacha kuamka alfajiri. Wapo pia wanaotafuta kwa uaminifu wakaishia nje ya kanisa, na siwezi kukutisha kwa moto ili ubaki. Ninachokuomba ni usiamue jambo kubwa hivyo ndani ya mwaka wa msiba.

Mdogo wako mjibu leo, usingoje mpaka wewe upate majibu yako. Mwambie hapana, mama hakukosa imani. Mama alimwamini Mungu, na akamwamini mtu aliyedai kusema kwa niaba ya Mungu. Mtu huyo alimwambia jambo lisilo la kweli, na mwenye kujibu kwa hilo ni yeye, wala si mama, wala si ninyi watoto. Akikuuliza kama Mungu anasikia, msomee habari ya Trofimo, mwombeane, mlale.

Kisha mpeleke akachanjwe kama bado. Kansa iliyomchukua mama karibu mara zote husababishwa na virusi vya HPV, na chanjo yake ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018. Sasa hupewa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo, shuleni na kwenye vituo vya afya. Ana 13, muda upo lakini si mwingi. Na wewe umevuka 30, umri ambao wanawake hushauriwa kuchunguzwa shingo ya kizazi hata bila dalili yoyote. Nenda wiki hii.